Usipande Jukwaani Mikono Mitupu



Kila juma barua zafika mezani petu kutoka matawini, zikileta habari za mikutano. Nyingi zafanana kama pacha. Zasema mkutano ulifana, watu walifurika, ngoma zilichezwa, Ndugu Fulani akahutubia kwa muda wa saa mbili, watu wakamshangilia. Hapo barua hukoma. Hatuambiwi Ndugu Fulani alisema nini. Hatuambiwi watu walikwenda kufanya nini baada ya kumsikia. Tukimwandikia katibu wa tawi kumwuliza, hujibu: "Alisema vizuri sana." Alisema vizuri jambo gani? Jibu hapana.

Leo twataka kulisema jambo hili bila kuficha, maana mficha uchi hazai. Chama hakina jeshi wala hakina hazina ya dhahabu. Chombo chetu cha kwanza ni neno, na ndilo lililotufikisha hapa. Mwaka 1957 serikali ya kikoloni ilimpiga marufuku Mwalimu Nyerere asihutubie mikutano ya hadhara. Je, iliogopa bunduki zake? TANU haikuwa na bunduki hata moja. Iliogopa maneno yaliyopangwa sawasawa yakaingia katika masikio ya watu. Leo hakuna anayetuzuia kusema. Tunajizuia wenyewe kwa kupanda jukwaani bila kujua tunakwenda kusema nini, tukitumaini kwamba maneno yatashuka yenyewe kama mvua ya vuli.

Neno letu la leo ni hili: hotuba isiyoandaliwa ni dharau kwa watu walioacha kazi zao kuja kuisikiliza.

Fanyeni hesabu. Watu mia tatu wakikaa kwa saa mbili, hizo ni saa mia sita. Zigawe kwa saa nane za kazi, utapata siku 75. Nani kati yetu angethubutu kumwendea mkulima na kumwambia, "Nipe siku 75 za jembe lako, ila sijui nitakulipa nini"? Angefukuzwa na mbwa. Lakini ndivyo tufanyavyo kila Jumapili, na watu kwa adabu zao hawatufukuzi. Hupiga makofi, kisha huenda zao.

Tusimnyoshee mtu kidole. Tuanze na sisi wenyewe. Mwaka juzi tulitumwa kuhutubia katika kijiji kimoja cha wakulima wa korosho. Tulifika saa tisa alasiri, saa ile ile ya mkutano, tumejaa vumbi la njiani. Watu walikuwa wamekaa chini ya mwembe tangu saa saba. Mkobani tulikuwa na kadi arobaini za uanachama. Hatukuwa na karatasi hata moja yenye jambo la kusema, maana tulijiambia: sisi tumesoma, tumefundisha, maneno hayawezi kutushinda. Tukapanda juu ya meza tukaanza. Tulisema juu ya umoja, tukasema juu ya historia ya taifa, tukawasema wavivu, tukawausia vijana, tukaeleza heshima ya Mwafrika duniani. Tulisema kwa saa moja na dakika hamsini. Mara kwa mara watu walipiga makofi, nasi tukayahesabu makofi yale kuwa ni ushindi.

Tulipokwisha, mzee mmoja alisimama, akavua kofia yake, akasema: "Mwanangu, tumekusikia. Gunia langu la korosho nikilipima kwa mizani ya duka lina kilo themanini. Nikilifikisha ghalani mizani yasema sabini na sita. Je, Chama chatuambia tufanye nini?"

Hatukujua. Hatukujua nani hukagua mizani, wala mkulima apeleke wapi mashtaka yake. Hatukujua hata bei ya kilo moja kwa msimu ule. Tukatoa jibu la kila asiyejua: "Mzee wangu, jambo lako limesikika, litashughulikiwa." Mzee akavaa kofia yake, akasema kwa upole, "Ahsante, mwanangu. Hilo tulikuwa nalo kabla hujaja."

Watu hawakucheka. Ingekuwa afadhali wangecheka. Walinyanyuka, wakakung'uta nguo zao, wakaondoka wawili wawili. Katika kadi arobaini tulizokwenda nazo, tulirudi na thelathini na saba. Lakini hasara yenyewe haikuwa kadi. Mkulima mwenye magunia kumi, akipunjwa kilo nne kwa kila gunia, amepoteza kilo arobaini, yaani nusu ya gunia zima. Kijiji kile kiliendelea kupimiwa kwa mizani ile ile kwa muda wote uliobaki wa msimu, kwa sababu siku walipokusanyika mia tatu mahali pamoja, mtu aliyepewa masikio yao hakuwa na kitu cha kuyatilia.

Jambo la kuliza zaidi ni kwamba sisi tumetoka katika chuo cha ualimu. Chuoni mwalimu mwanafunzi haingii darasani bila andalio la somo. Mkufunzi akija kumtazama, kabla hata hajaketi nyuma ya darasa, hunyosha mkono kulitaka andalio. Na andalio lina maswali yake. Darasa ni lipi, na wanafunzi ni wangapi? Kipindi ni cha dakika ngapi? Shabaha ni nini, yaani kipindi kikiisha mwanafunzi aweze kufanya jambo gani ambalo asubuhi hakuliweza? Zana ni zipi? Utaanza na jambo gani wanalolijua ili uwavushe kwenye lile wasilolijua? Utayaimarishaje maarifa mapya? Mwishoni utapimaje kama wameelewa? Kwa kipindi cha dakika arobaini na watoto arobaini twaandika ukurasa mzima. Kisha kwa watu wazima mia tatu, wenye mashamba, madeni na watoto wa kusomesha, twapanda jukwaani mikono mitupu! Je, watoto ndio wenye haki ya kuandaliwa, wazazi wao hawana?

Waliotutangulia hawakufanya hivyo. Tuwakumbuke kwa kazi waliyoifanya, wala si kwa kutaja majina yao tu.

Novemba 1951 serikali ya kikoloni iliwaondoa Wameru kwa nguvu katika ardhi yao ya Engare Nanyuki ili iwape walowezi wa Kizungu. Wameru wakachangishana fedha, wakamtuma Kirilo Japhet aende New York mbele ya Umoja wa Mataifa. Alisimama huko mwaka 1952, akiwa na mwanasheria Earle Seaton, mzaliwa wa Bermuda. Hakwenda kulia tu. Alikwenda na kesi iliyopangwa: ardhi ipi, ilitwaliwa lini, na nani, apewe nani, na walioondolewa wamebaki na nini. Azimio la kuwatetea halikupata theluthi mbili za kura katika Baraza Kuu, na ardhi haikurudi siku ile. Lakini Japhet aliporudi alizunguka akiwaeleza watu yaliyotokea, na kesi ya kijiji kimoja ikawa kesi ya Tanganyika nzima. Angekwenda na malalamiko matupu, nani leo angeikumbuka Engare Nanyuki?

Miaka mitatu baadaye, tarehe 7 Machi 1955, Mwalimu Nyerere alisimama New York mbele ya Baraza la Udhamini. TANU ilikuwa haijatimiza mwaka mmoja, maana ilizaliwa tarehe 7 Julai 1954. Mambo ya kusema yalikuwa mengi kama majani: kodi, shule, ardhi, mishahara, dharau za kila siku. Angeweza kuyamwaga yote, na wajumbe wa Baraza wangeyasahau yote. Yeye alishika neno moja na kulizunguka: itamkwe wazi kwamba Tanganyika, ingawa yakaliwa na watu wa rangi mbalimbali, ni nchi ya Waafrika kwanza, na kwamba serikali yake ya kesho itakuwa ya aina hiyo. Tena alijua anasema na nani. Ujumbe wa Umoja wa Mataifa uliozuru Tanganyika mwaka 1954 ulikuwa umekwisha kusema kwamba nchi yaweza kujitawala katika muda wa miaka 20 au 25. Mwalimu alianzia pale ambapo wasikilizaji wake walikuwa wamesimama, akawavuta hatua iliyofuata. Matusi yasingewavuta wanadiplomasia wale hata hatua moja.

Lakini sisi twaona kwamba hotuba yake ngumu zaidi haikuwa ile ya New York. Ilikuwa ile ya Tabora, Januari 1958, katika Mkutano Mkuu wa TANU. Serikali ilikuwa imeleta uchaguzi wa kura tatu: kila mpiga kura sharti achague Mwafrika mmoja, Mwasia mmoja na Mzungu mmoja, na mpiga kura mwenyewe awe na kiwango fulani cha kipato, elimu au cheo. Wajumbe walifika Tabora wamekasirika, na wengi walitaka TANU isusie. Kuwahutubia wageni ni kazi. Kuwaambia ndugu zako jambo wasilotaka kulisikia ni kazi mara mbili. Mwalimu hakuwaambia kwamba kura tatu ni kitu chema, maana hata yeye hakuzipenda. Hoja yake ilikuwa juu ya matokeo: tukisusa sisi, viti vya Baraza la Kutunga Sheria vitakaliwa na nani? Vitakaliwa na wale wa UTP, nao ndio watakaosema kwa jina la nchi. Hoja hiyo iliwageuza wajumbe, na uamuzi ule ukaitwa Uamuzi wa Busara. Hawakukubali wote, Zuberi Mtemvu alijitoa akaanzisha chama chake. Lakini uchaguzi ulipofanywa, Septemba 1958 na Februari 1959, TANU na wale iliowaunga mkono walishinda, na UTP ikazama.

Sasa tuulize: msemaji wa kubahatisha angeweza kuifanya kazi ya Tabora? Asingeweza. Angesikia makofi yakielekea upande wa kususia, naye angeyafuata makofi. Asiyejua kabla ya kusimama anakwenda wapi huchukuliwa na wasikilizaji wake kama mtumbwi usio na kafi. Hii ndiyo faida kubwa ya kuandaa. Yampa mtu ushujaa wa kusema kweli inayouma, kwa sababu ameipima nyumbani kwake kabla ya kuifikisha uwanjani.

Wako watakaosema, "Kusema ni kipaji, wala hakufundishwi." Watamtaja Bibi Titi Mohamed, ambaye hakukaa shuleni miaka mingi, na alipoinuka kuhutubia watu walitetemeka. Ni kweli. Lakini Bibi Titi alitoka wapi? Alitoka katika vikundi vya ngoma vya kina mama wa Dar es Salaam, na yeye mwenyewe alikuwa mwimbaji mkuu katika kikundi kimojawapo. Aliwajua kina mama wale kwa majina, akijua nyumba zao, furaha zao na maudhi yao. Alijua pia kwamba mlango wa mwanamke wa mjini haufunguliwi kwa kugonga mmoja mmoja, bali kupitia kiongozi wa kikundi chake. Mwaka 1955 aliwaingiza maelfu katika TANU. Maandalio yake hayakuwa ya karatasi, bali ya miaka mingi ya kukaa na watu. Basi ewe Ndugu unayesema huhitaji karatasi, je, umekaa na watu miaka hiyo? Kama hukukaa, chukua kalamu.

Tulirudi katika kijiji kile cha korosho miezi mitatu baadaye. Twasimulia tulivyofanya, si kwa kujisifu, maana aibu ya mara ya kwanza haijatutoka, bali kwa sababu njia ile yaweza kufuatwa na tawi lolote.

Kwanza, tulifika siku mbili kabla. Siku ya kwanza hatukusema neno la Chama. Tulikwenda kumwamkia yule mzee, tukaketi barazani kwake, tukasikiliza. Tukaenda kisimani, tukaenda kijiweni kwa vijana, tukawauliza kina mama wanaobangua korosho. Tulimwuliza kila mtu swali moja: jambo gani likitengenezwa mwaka huu utalala vizuri? Watu hawakutaja historia ya taifa. Walitaja mizani, wakataja malipo yanayochelewa, wakataja barabara.

Pili, usiku ule tuliandika shabaha, kwa sentensi moja, juu kabisa ya karatasi: "Mkutano ukiisha, watu hawa wawe wamechagua wenzao watano wa kusimama penye mizani." Yalikuwapo mengine ya kusema, na yalituuma kuyaacha. Malipo na barabara tukayawekea siku yake. Mshika mawili moja humponyoka, na mshika kumi hubaki hana kitu. Kama huwezi kuiandika shabaha yako kwa sentensi moja, hujui bado unakwenda kusema nini, usilale.

Tatu, tulitafuta ushahidi. Safari ile tulijua kwamba mizani ya biashara hukaguliwa na Wakala wa Vipimo, na kwamba iliyokaguliwa huwekwa alama. Tulijua bei. Wakulima sita walituonyesha stakabadhi zao, tukanakili tarehe na uzito. Hapa twatoa onyo. Mwaka 1958 Mwalimu Nyerere alishtakiwa kwa makala aliyoiandika katika Sauti ya TANU juu ya Mabwana Shauri wawili, akahukumiwa faini ya shilingi 3,000 au kifungo cha miezi sita. Alilipa faini. Neno lina bei yake. Msemaji anayemwita mtu mwizi hadharani bila ushahidi hujitia hatarini, akakitia Chama hatarini, na mwizi wa kweli akatoka mahakamani anacheka. Sisi hatukumtaja mtu kwa jina. Tulitaja tarehe na kilo, na kila mtu akaelewa.

Nne, tulipanga mwanzo, katikati na mwisho. Mwanzo tuliuweka kwenye gunia la yule mzee, kwa ruhusa yake, maana ndilo jambo walilolijua. Katikati tuliweka mambo matatu tu: mizani hukaguliwa na nani, mkulima ataijuaje iliyo sawa, na malalamiko hupelekwa wapi. Mwisho tukaweka ombi. Wasemaji wengi huuacha mwisho ujiletee wenyewe, kwa hiyo husema "kabla sijamaliza" mara tano na wasimalize. Andika sentensi yako ya mwisho kabla ya kuandika ya kwanza. Ukiifikia, shuka.

Tano, tulitafuta zana. Mwalimu wa hesabu hafundishi uzito kwa midomo. Tuliazima dukani mfuko mmoja wa saruji ambao haujafunguliwa, wa kilo 50. Tukauweka mbele ya watu, tukasema: "Kitu hiki uzito wake wajulikana. Siku ya mauzo kipelekeni ghalani kipimwe kwanza mbele ya watu wote. Mizani ikisema pungufu, msipime korosho hata kilo moja mpaka mkaguzi aitwe." Mfuko ule wa saruji ulihutubia kuliko sisi.

Sita, tulijaribu kwa sauti. Hotuba inayosomwa kimya chumbani ni fupi. Ikitolewa uwanjani hurefuka. Tuliisema yote mbele ya kijana mwenyeji wetu, saa ikiwa mezani. Ilichukua dakika thelathini na tano. Tukakata ikawa ishirini. Maneno mawili hakuyaelewa, na yote mawili yalikuwa ya ofisini. Tukayatupa. Sentensi moja tuliyoipenda sana kwa utamu wake alituambia haina maana. Tukaitupa pia, ingawa kwa uchungu.

Saba, tulikwenda kutazama mahali. Mara ya kwanza tulikuwa tumewakalisha watu macho yao yakielekea jua la alasiri, nasi tukadhani wanakunja uso kwa kufikiri! Safari hii tuliigeuza meza. Tuliuliza kipaza sauti kinatumia betri gani na nani ataichaji. Tena tulijaribu kusema bila hicho kipaza sauti, maana mashine haina uanachama.

Nane, tuliandika maswali kumi ambayo sisi wenyewe tungeogopa kuulizwa, tukayatafutia majibu. Mawili hayakupata jibu. Juu ya hayo tuliazimia kusema, "Hilo hatulijui, tutaleta jibu Ijumaa ya wiki ijayo." Na Ijumaa hiyo tulilileta. Kukiri hujui si aibu, bali kutorudi ndiyo aibu.

Basi mkutano ulikuwaje? Tulisema kwa dakika ishirini na mbili. Makofi yalikuwa machache kuliko mara ya kwanza. Maswali yalikuwa kumi na saba. Kabla ya Magharibi watu watano walikuwa wamechaguliwa, wawili kati yao kina mama. Hatusemi kwamba dhuluma yote ilikwisha siku ile. Dhuluma haiishi kwa hotuba moja. Twasema kwamba siku ya mauzo iliyofuata watu watano walikuwa wamesimama penye mizani pamoja na mfuko wa saruji, na aliyekuwa akipima alipima taratibu sana. Juu ya kadi, hatukuuza hata moja siku hiyo, maana hatukuziweka katika shabaha. Juma lililofuata yule mzee alituma kijana aje kuziomba.

Tungependa kuongeza neno kwa vijana wetu. Siku hizi hotuba haiishi uwanjani. Kila mkono umeshika simu, na kila simu yarekodi. Neno ulilolitupa kwa mzaha saa kumi jioni, saa mbili usiku limefika mkoa wa pili bila mzaha wake. Babu zetu walisema kauli ikitoka hairudi. Leo haitoki tu, yaenda na picha yako. Hii ni sababu nyingine ya kuandaa. Tena tumewaona wanaosoma hotuba kutoka simuni, uso umeinama kama mtu anayetafuta sindano mchangani, mara chaji yaisha na hotuba yaisha nayo. Mambo makuu yaandike kwa herufi kubwa juu ya kipande kimoja cha karatasi. Kitazame mara moja moja. Kisha watazame watu, maana ni wao uliowajia.

Wala mtu asidhani kwamba twataka hotuba zikauke kama tangazo la mnada. Methali, mfano, kicheko, wimbo wa kuwaamsha watu, vyote vina nafasi. Lakini chumvi hutiwa katika chakula. Hailiwi peke yake. Mfano na utoke katika kazi ya wasikilizaji: kwa wavuvi sema juu ya nyavu, kwa wafugaji sema juu ya malisho, kwa vibarua wa mjini sema juu ya kodi ya chumba. Usiwapelekee watu wa Kigoma mfano wa minazi.

Kwa hiyo twatoa shauri kwa kila tawi. Tangu sasa msemaji asipewe jukwaa kabla katibu hajaliona andalio lake la hotuba. Liwe ukurasa mmoja tu, na liwe na majibu ya maswali haya: Wasikilizaji ni nani, na jambo gani linawanyima usingizi? Mkutano ukiisha wafanye nini? Ushahidi ni upi? Mambo matatu ya katikati ni yapi? Sentensi ya mwisho ni ipi? Dakika ni ngapi? Maswali gani yatakuja? Andalio lihifadhiwe katika jalada la tawi, na mwezi ukipita katibu aandike chini yake kwa ukweli: lililoombwa lilifanyika, au halikufanyika? Hiyo ndiyo tathmini. Mwalimu hupimwa kwa alichokishika mwanafunzi, hapimwi kwa urefu wa somo.

Wakubwa wetu wa wilaya na mkoa nao wasijidhani wamesamehewa. Mara nyingi ni wao wanaofika saa mbili baada ya wakati, wakashuka garini wakiuliza, "Hapa ni wapi, na leo twasema nini?" Ndugu, samaki huanza kuoza kichwani. Mwenyekiti wa tawi atakayemwambia mkubwa wake kwa heshima, "Mzee, andalio lako twalisubiri," huyo hakumkosea adabu mkubwa. Amewatunzia watu wake adabu.

Na zile barua za matawini twazisubiri bado. Ila safari hii msituandikie kwamba Ndugu Fulani alisema vizuri sana. Tuandikieni watu walikwenda kufanya nini Jumatatu asubuhi.